Wiki imegoma: kutafuta chanzo unaposakinisha au kusasisha MediaWiki

MediaWiki, programu inayoendesha Wikipedia, ni ya bure na inakubali kukaa karibu popote: hosti ya pamoja (seva ya kukodi yenye wateja wengi) yenye cPanel, paneli ya kuisimamia; VPS (seva pepe ya peke yako) yenye Linux ya Debian au Ubuntu; kontena la Docker, yaani kisanduku kinachobeba programu na mahitaji yake; hata laptop ya ofisini yenye XAMPP, furushi la seva la kujaribia. Shida ni kwamba kila makazi yana vituko vyake. Ujumbe uleule wa hitilafu kwenye cPanel una maana moja, kwenye Docker una maana nyingine kabisa. Ndiyo maana maelekezo unayoyakuta mtandaoni yanamfaa mwenzako na wewe yanakuacha palepale.

Kabla hujaanza kugusagusa faili, jiulize swali moja: nini kimebadilika? Wiki iliyokuwa ikifanya kazi juzi haiharibiki hivihivi. Ama umeisasisha, ama kampuni ya hosti imepandisha toleo la PHP (lugha iliyotumika kuandika MediaWiki) bila kukuambia, ama diski imejaa. Na kabla ya jaribio lolote, chukua bekapu ya vitu vitatu: hifadhidata, folda ya images, na LocalSettings.php, faili ya mipangilio ya wiki. Ukiwa navyo hivyo, kilichobaki unaweza kukipakua upya.

Skrini nyeupe au «500 Internal Server Error»

Skrini nyeupe haikuambii kitu mpaka uilazimishe iseme. Fungua LocalSettings.php na uweke mistari hii chini tu ya `<?php`:

`error_reporting( E_ALL );`
`ini_set( 'display_errors', 1 );`
`$wgShowExceptionDetails = true;`

Pakia ukurasa upya. Mara nyingi utaona jina la faili na namba ya mstari uliokwama. Ukishamaliza, iondoe mistari hiyo, maana inamwonyesha kila mpita njia mpangilio wa seva yako.

Skrini ikibaki nyeupe, hitilafu inatokea kabla LocalSettings.php haijasomwa, au imo ndani ya faili hiyo hiyo: nukta-mkato iliyosahaulika, alama ya kunukuu isiyofungwa. Hapo nenda kwenye logi, faili ambamo seva huandika hitilafu. Kwa Apache, programu inayopeleka kurasa kwa kivinjari, Debian na Ubuntu zinaiweka `/var/log/apache2/error.log`, au `/var/log/nginx/error.log` kama badala yake unatumia nginx. Kwenye cPanel tafuta kitufe cha «Errors», au faili iitwayo `error_log` ndani ya folda ya wiki. Kwenye Docker ni `docker logs` na jina la kontena. XAMPP ya Windows inaiweka `C:\xampp\apache\logs\error.log`. Soma mistari ya mwisho kwanza.

Chanzo kikuu cha skrini nyeupe ni toleo la PHP. MediaWiki 1.35 inadai PHP 7.3.19 au zaidi, lakini haikutengenezewa PHP 8. Toleo 1.39 linadai 7.4.3 au zaidi. Toleo 1.43, la msaada wa muda mrefu, lililotoka Desemba 2024, linadai 8.1 au zaidi. Kwa hiyo wiki ya 1.35 ikihamishiwa PHP 8 inakufa, na wiki ya 1.43 ukiiweka juu ya PHP 7.4 haiwaki. Kampuni nyingi za hosti huondoa matoleo ya zamani ya PHP kwa sababu za usalama, na wana haki. Ila wewe unayekuta wiki imezima Jumatatu asubuhi, ingia kwenye «MultiPHP Manager» ya cPanel, angalia kikoa chako kimepewa PHP gani, na kama lile la zamani bado lipo, lirudishe kwa muda huku ukipanga kusasisha wiki yenyewe. Kulirudisha ni kujinunulia wiki mbili tatu tu, si dawa.

Kwenye VPS kuna sura nyingine ya tatizo hilohilo, na hii ni ya hatari. Ubuntu 20.04 ilikuja na PHP 7.4, na 22.04 ina 8.1. Ukipandisha mfumo mzima, moduli ya Apache ya PHP 7.4 inaondoka, na kama ya 8.1 haijawashwa, Apache haitambui tena PHP ni nini. Badala ya kuendesha faili, inaanza kuzigawa kama maandishi ya kawaida. Ukifungua wiki ukaona msimbo unaoanza na `<?php`, zima Apache hapohapo: yeyote akifungua LocalSettings.php wakati huo anapata nenosiri la hifadhidata yako. Sakinisha `libapache2-mod-php`, amuru `a2enmod php8.1`, washa Apache, kisha badilisha nenosiri la hifadhidata hata kama unaamini hakuna aliyeona.

Halafu kuna moduli zinazokosekana. MediaWiki inahitaji mbstring, xml, intl, fileinfo, na mysqli kama hifadhidata yako ni MySQL au MariaDB. Kwenye Debian na Ubuntu:

`apt install php-mbstring php-xml php-intl php-mysql php-apcu`

Ukimaliza, anzisha upya Apache au php-fpm, la sivyo moduli ipo na wiki haiioni. Kwenye XAMPP, intl huwa imo ila imefungwa: fungua php.ini, tafuta `;extension=intl`, ondoa ile nukta-mkato ya mwanzo, anzisha Apache upya.

Ukiona «Class not found» mara tu baada ya kupakia faili kwa FTP, usihangaike na PHP. Faili hazijafika zote. MediaWiki ina maelfu ya faili ndogondogo, na intaneti ikikatika katikati, programu ya FTP inaruka baadhi bila kelele. Pakia furushi zima likiwa limefungwa, kisha lifungue hukohuko kwa «File Manager». Na kama ulichukua MediaWiki kwa Git badala ya furushi rasmi, folda ya `vendor` haimo. Itabidi uijaze kwa Composer, kipakuzi cha maktaba za PHP: `composer install --no-dev`.

Kisakinishi hakifiki kwenye hifadhidata

Hapa makazi ndiyo kila kitu.

Kwenye cPanel, jina la hifadhidata na la mtumiaji huongezewa jina la akaunti mbele. Ukiunda `wiki` chini ya akaunti `shule`, jina kamili ni `shule_wiki`, na ndilo la kuandika kwenye kisakinishi. Halafu wengi huunda hifadhidata, wakaunda mtumiaji, wakasahau kumwambatanisha mtumiaji na hifadhidata. Ujumbe ni «Access denied», na mtu anashinda akibadilisha nenosiri ambalo halina kosa.

Kwenye Debian na Ubuntu, `root` (msimamizi mkuu) wa MariaDB haingii kwa nenosiri bali kwa kuwa wewe ni root wa mashine. Apache haiendeshwi na root, kwa hiyo kisakinishi kitakataliwa hata ukiandika nenosiri sahihi. Usihangaike kumbadilisha root. Unda mtumiaji wa wiki peke yake:

`CREATE DATABASE wiki;`
`CREATE USER 'wiki'@'localhost' IDENTIFIED BY 'nenosiri-refu';`
`GRANT ALL PRIVILEGES ON wiki.* TO 'wiki'@'localhost';`

Kwenye Docker, `localhost` ndani ya kontena la wiki ni kontena lenyewe, na humo hamna hifadhidata. Andika jina la huduma ulilolitumia kwenye faili ya compose, inayoorodhesha makontena yako: kama umeliita `db`, seva ya hifadhidata ni `db`.

Kwenye Rocky, AlmaLinux na Fedora, ambazo ni Linux za ukoo mwingine, kama kila kitu ni sahihi na hifadhidata iko mashine nyingine, mshukiwa ni SELinux, mlinzi wa ziada wa Linux. `setsebool -P httpd_can_network_connect_db 1` humaliza ugomvi. Kuizima SELinux yote kwa ajili ya hili ni uvivu.

Umesakinisha, lakini wiki inakuambia usakinishe

Kisakinishi kinapomaliza hukupa faili ya LocalSettings.php uipakue. Haijiweki yenyewe. Ipeleke kwenye folda ileile yenye index.php, basi.

Docker ina mtego wake hapa. Ukiamuru LocalSettings.php iunganishwe kutoka kwenye mashine yako kabla faili hiyo haijakuwepo, Docker inaweza kuunda *folda* yenye jina LocalSettings.php. Utaiona kwa `ls -l`: mstari unaanza na `d`. Zima kontena, futa folda, weka faili halisi, washa upya. Ndiyo maana mara ya kwanza mstari huo wa compose huachwa umefungwa kwa `#`, ukafunguliwa baada ya kisakinishi kumaliza kazi.

Ukurasa uko uchi: maandishi yapo, rangi na mpangilio hamna

Bonyeza F12 kwenye kivinjari, fungua kichupo cha mtandao, pakia upya, tafuta maombi ya `load.php`. Jibu lake ndilo litakalokuongoza.

Likiwa 404, `$wgScriptPath` hailingani na mahali faili zilipo. Wiki iliyohamishwa kutoka `/wiki` kwenda `/w` bila kubadilisha mstari huo hufanya hivi. Likiwa 403, kanuni za `.htaccess` (faili ya mipangilio ya Apache ndani ya folda) au mod_security, kichujio cha usalama cha hosti, zimeizuia. Hiyo unaiandikia kampuni ya hosti, ukiwapa anwani kamili ya ombi na saa lilipotokea. Likiwa linaita `http://` wakati ukurasa uko `https://`, kivinjari kimelikataa, na tiba ni kuandika `$wgServer` kwa https. Likijibu 200 lakini na maonyo ya PHP juu ya CSS, funga `display_errors` uliyoiacha wazi kule juu.

Na kama ujumbe unasema hakuna skini (vazi la wiki) iliyosakinishwa, kumbuka tangu toleo 1.24 skini zinakaa kando na lazima ziitwe: `wfLoadSkin( 'Vector' );`.

Kusasisha

Wengi wanaolia kwamba «MediaWiki ilikufa nilipoisasisha» walimwaga faili mpya juu ya za zamani. Faili zilizofutwa katika toleo jipya zinabaki, zinachanganyika na mpya, na hitilafu zinazozaliwa hapo hazina kichwa wala miguu. Fungulia toleo jipya kwenye folda mpya kabisa. Ingiza LocalSettings.php na folda ya images kutoka ile ya zamani. Viendelezi, vile vipande vinavyoongeza uwezo wa wiki, usivinakili: pakua upya vile vya toleo lako. Kwa 1.43 tawi lake linaitwa REL1_43. Kiendelezi cha 1.35 ndani ya 1.43 kitakupa «Call to undefined method» na wiki nzima italala kwa sababu ya kitu kimoja kidogo. Ukikosa kujua ni kipi, weka `#` mbele ya mistari yote ya `wfLoadExtension`, hakikisha wiki inawaka, kisha fungua mmoja baada ya mwingine.

Ukiwa na toleo la chini ya 1.35, usirukie 1.43 moja kwa moja. Pitia 1.35 kwanza, na hiyo inataka PHP 7, kwa hiyo ngazi ya kwanza panda ukiwa na PHP ya zamani, ya pili ukiwa na mpya. Ni kazi ya jioni nzima. Ifanye kwenye nakala, si kwenye wiki watu wanayoitumia, au angalau weka `$wgReadOnly = 'Tunasasisha wiki, rudi baadaye.';` ili asiwepo anayeandika wakati unachukua bekapu. Mstari huo uondoe kabla ya hatua inayofuata, maana unaweza kuzuia hata kazi yako mwenyewe.

Faili zikishakaa, hifadhidata nayo lazima ibadilishwe. Dalili kwamba hujafanya hivyo ni «Unknown column» au «Table doesn't exist» kwenye karibu kila ukurasa. Tangu 1.40 amri ni:

`php maintenance/run.php update`

Kabla ya hapo ilikuwa `php maintenance/update.php`. Kwenye Docker unaitanguliza kwa `docker compose exec` na jina la huduma.

Sasa, hosti ya pamoja. Unafungua terminali, unaamuru, inakuambia PHP yako ni ya zamani. Unashangaa, kwa sababu kwenye MultiPHP Manager umeweka 8.2 na ukurasa unawaka. Andika `php -v`: inajibu 7.4. Hakuna uchawi. PHP inayohudumia kurasa na PHP ya terminali ni programu mbili tofauti, na kila moja ina mipangilio yake. Kwenye cPanel iite ile unayoitaka kwa njia yake kamili:

`/opt/cpanel/ea-php82/root/usr/bin/php maintenance/run.php update`

Kwenye Debian mgawanyiko huohuo unauona kwenye folda: `/etc/php/8.2/cli/php.ini` na `/etc/php/8.2/fpm/php.ini`. Ukibadilisha ya kwanza ukangoja kurasa zibadilike, utangoja sana.

Huna terminali kabisa? Fungua `mw-config/` kwenye kivinjari. Itakuomba ufunguo, ni ule ulioandikwa `$wgUpgradeKey` ndani ya LocalSettings.php. Kwa wiki ndogo inatosha. Kwa wiki kubwa ukurasa utakatika katikati kwa kuishiwa muda. Ujanja ninaoupenda zaidi ni «Cron Jobs» ya cPanel, inayoendesha amri kwa ratiba: weka amri ile ndefu ya juu, yenye njia kamili ya PHP na ya folda ya wiki, ongeza `--quick`, elekeza matokeo kwenye faili, iache iende mara moja, kisha ifute. Cron haikatishwi na kivinjari wala na intaneti yako.

Watumiaji wa Docker: andika namba ya toleo, `mediawiki:1.43`, usiandike `latest`. Ukiandika `latest`, siku moja utavuta picha mpya ya kontena ukidhani unaanzisha tu upya, na hifadhidata itakuwa bado ya toleo la jana. Na `docker compose down -v` hufuta hifadhi zake, hifadhidata ikiwemo. Ile `-v` isikuponyoke.

Kila ukiingia unatolewa

Unaandika jina na nenosiri, ukurasa unarudi palepale, au unapohifadhi unaambiwa «Loss of session data». Angalia nafasi ya diski kwanza kwa `df -h`, au kiasi cha akaunti kwenye cPanel. Diski iliyojaa haiwezi kuandika kikao (kumbukumbu kwamba umeingia), na hiki ndicho chanzo kinachosahaulika zaidi. Kama nafasi ipo, weka:

`$wgSessionCacheType = CACHE_DB;`

Mstari huo unavihamishia vikao kwenye hifadhidata, mbali na kashe ya APCu, hifadhi ya muda ya PHP, ambayo kwenye hosti ya pamoja huenda haipo au inafutwafutwa. Ikishindikana, linganisha `$wgServer` na anwani unayoiandika: yenye `www` na isiyo nayo ni watu wawili kwa kuki.

Kama kuingia kunakubali ila kuhifadhi ukurasa mmoja tu kunatoa 403 au 406, mod_security imeona neno isilolipenda ndani ya maandishi yako. Kurasa zinazoeleza amri za SQL huangukia hapo mara nyingi. Hiyo ni ya kampuni ya hosti kutatua.

Picha hazipandi

Hakikisha `$wgEnableUploads = true;` na kwamba seva inaruhusiwa kuandika kwenye `images`. Usiweke 777: haisaidii usalama, na baadhi ya hosti za pamoja hujibu ruhusa hiyo kwa 500. Folda ni 755, faili ni 644, mmiliki kwenye Debian ni `www-data`. Halafu ukubwa: kwa kawaida PHP huruhusu faili ya MB 2 tu, na picha ya simu ya siku hizi inapita hapo. Pandisha `upload_max_filesize` na `post_max_size` pamoja. Kwenye nginx kuna mlango wa tatu, `client_max_body_size`, ambao kawaida ni MB 1, na ujumbe wake ni 413.

Kihariri cha kuonekana (VisualEditor) kinakataa baadhi ya kurasa

«Error contacting the Parsoid/RESTBase server (HTTP 404)» kwenye kurasa zenye mkwaju kwenye jina, kama `Ratiba/Muhula wa kwanza`, na nyingine zote zinafunguka vizuri: ni Apache. Weka `AllowEncodedSlashes NoDecode` ndani ya VirtualHost, mipangilio ya Apache ya tovuti yako. Haikubaliki kwenye `.htaccess`, kwa hiyo mwenye hosti ya pamoja itabidi aombe.

Herufi zimeharibika baada ya kuhama

Umehamia seva mpya, na kila `ng’ombe` amekuwa `ngâ€™ombe`. Kiswahili hakina herufi nyingi za alama, kwa hiyo uharibifu huu unaweza kujificha wiki nzima. Kimsingi unauona kwenye kiapostrofi kilichopinda cha ng’, kwenye alama za kunukuu na kwenye vistari virefu. Tafuta ukurasa wenye ng’ kabla hujatangaza kwamba kuhama kumefanikiwa.

Chanzo ni wiki za zamani ambazo jedwali zake zimeandikwa latin1 (usimbaji wa zamani wa herufi) huku ndani yake kuna UTF-8 (usimbaji wa siku hizi). `mysqldump`, amri ya kutoa bekapu ya hifadhidata, inaamini lebo, inageuza kile ambacho hakikuhitaji kugeuzwa, na herufi zinasimbwa mara mbili. Kwenye seva ya zamani amuru `SHOW CREATE TABLE page;` usome CHARSET. Ikiwa `binary`, uko salama. Ikiwa `latin1`, toa bekapu kwa `--default-character-set=latin1`, kisha fungua faili iliyotoka: mstari wa `SET NAMES` na lebo za jedwali lazima zilingane na unavyoiingiza upande wa pili. Jaribu kwenye hifadhidata tupu, soma kurasa tano sita zenye ng’, ndipo uizime seva ya zamani.

Hapohapo utagundua kwamba `Ng'ombe` kwa kiapostrofi kilichonyooka na `Ng’ombe` kwa kilichopinda ni kurasa mbili tofauti machoni pa MediaWiki. Hiyo si hitilafu ya seva. Chagua mmoja, mwingine ufanye uelekezo.